Nusukaputi katika magonjwa ya kurithi ya umetaboli

Nusukaputi katika magonjwa ya kurithi ya umetaboli ni huduma ya usingizi wa upasuaji kwa wagonjwa waliozaliwa na hitilafu katika kimeng'enya fulani cha mwili. Kila moja ya magonjwa hayo ni adimu, lakini yakijumlishwa yanafikia mamia. Mara nyingi upasuaji anaohitaji mgonjwa ni mdogo, na hatari iko katika usingizi wenyewe: ulimi, koo na shingo vilivyobadilishwa na ugonjwa huweza kuziba njia ya hewa mara misuli inapolegea. Hatari ni kubwa zaidi pale ugonjwa unapokuwa haujatambuliwa, jambo ambalo ni la kawaida katika hospitali za wilaya, zikiwemo za mikoa ya kusini mwa Tanzania kama Lindi na Mtwara.

Chanzo

Umetaboli ni jumla ya kazi za kikemia ambazo mwili hufanya ili kuvunja chakula, kujipatia nguvu, kujenga viungo na kuondoa mabaki. Karibu kila hatua ya kazi hizo inasimamiwa na kimeng'enya chake. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, kitu kinachotakiwa kuvunjwa hurundikana, au kitu kinachotakiwa kupatikana hakipatikani.

Mengi ya magonjwa haya hurithiwa kwa njia fiche: baba na mama ni wazima, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya jeni, na mtoto anayepata nakala mbovu kutoka kwa wote wawili ndiye anayeugua. Kwa kila mimba ya wazazi hao uwezekano ni mmoja kati ya minne. Wazazi wakiwa ndugu wa damu, kwa mfano watoto wa mtu na dada yake, uwezekano wa wote wawili kubeba jeni ileile huongezeka. Kwa sababu hiyo magonjwa haya huonekana zaidi katika nchi zenye desturi ya ndoa za binamu. Huko Omani, ambako wako wasemaji wengi wa Kiswahili, utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ndoa zilikuwa za jamaa au za watu wa kabila moja. Ndoa za binamu zipo pia pwani ya Afrika Mashariki.

Mukopolisakaridosi

Kundi linalowahangaisha zaidi wataalamu wa usingizi wa watoto ni mukopolisakaridosi (kifupi: MPS). Katika kundi hili mwili unashindwa kuvunja glikosaminoglikani, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo huipa gegedu, ngozi na maungio ya mifupa ulaini na utelezi wake. Utelezi wa mlenda au bamia unatokana na sukari ndefu za jinsi hiyohiyo. Mtoto anazaliwa akiwa na sura ya kawaida, kisha mrundikano unaanza kuonekana mwezi baada ya mwezi.

Daktari Charles Hunter alieleza ugonjwa huu mwaka 1917 kutokana na ndugu wawili wa kiume aliowaona Winnipeg, Kanada. Miaka miwili baadaye Gertrud Hurler, daktari wa watoto wa mjini Munich, Ujerumani, alieleza aina iliyo kali zaidi. Mwaka 1929 Luis Morquio wa Uruguay na James Brailsford wa Uingereza, kila mmoja kwa wakati wake, walieleza aina inayoharibu mifupa huku akili ikibaki timamu. Aina zote kwa pamoja zinakadiriwa kumpata takriban mtoto 1 kati ya 25,000, makadirio yanayotokana zaidi na nchi zenye maabara za kuupima.

Aina ya Hurler (MPS I) isipotibiwa huua kwa kawaida kabla ya miaka 10. Aina ya Hunter (MPS II) hushika karibu wavulana tu, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X. Aina ya Sanfilippo (MPS III) huharibu zaidi ubongo na tabia, na njia ya hewa huathirika kidogo kuliko katika aina nyingine. Katika aina ya Morquio (MPS IV) hatari kubwa iko shingoni, na aina ya Maroteaux-Lamy (MPS VI) inafanana na ya Hurler ila akili haiguswi.

Matibabu yapo. Upandikizaji wa uboho kwa mtoto wa Hurler ulianza London mwaka 1980. Vimeng'enya vya kutiwa mshipani vilikuja baadaye: laronidase mwaka 2003, galsulfase 2005, idursulfase 2006 na elosulfase alfa 2014. Hutolewa kila wiki kwa maisha yote, haviingii vya kutosha kwenye ubongo, na ni miongoni mwa dawa ghali kuliko zote duniani. Kwa familia ya kawaida ya mkulima wa korosho au ufuta, dawa hizo hazipo. Kinachobaki, na ambacho hakihitaji fedha nyingi, ni kumkinga mtoto na ajali ya usingizi.

Ngiri kabla ya utambuzi

Watoto wengi wenye MPS hufika chumba cha upasuaji kabla mtu yeyote hajajua wana ugonjwa gani. Ukuta wao wa tumbo ni dhaifu, hivyo hupata ngiri ya kinena au ya kitovu wakiwa wadogo, mara nyingi pande zote mbili, na ngiri hurudi baada ya kushonwa. Masikio yao hujaa maji na kutoka usaha mara kwa mara. Mafindofindo na tezi za nyuma ya pua huvimba. Kila tatizo kati ya hayo ni la kawaida kwa watoto wote, na linatibiwa peke yake, pengine na mtu tofauti kila mara.

Picha huonekana tu mambo hayo yakiwekwa pamoja. Kichwa ni kikubwa, paji la uso limetokeza, mzizi wa pua umebonyea, midomo na ulimi ni vinene, nywele na nyusi ni nyingi kuliko za ndugu zake. Shingo ni fupi. Vidole havinyooki vizuri, tumbo limejaa kwa sababu ini na bandama vimekua, na mgongo una kibyongo kidogo kwa chini anapokaa. Macho huweza kuwa na ukungu (si katika aina ya Hunter). Usiku anakoroma kama mtu mzima, na mara kwa mara mkoromo unakatika kwa muda kabla ya kurudi kwa kishindo. Wazazi wenyewe huweza kusema kwamba mtoto "alibadilika sura" baada ya mwaka wa kwanza. Picha ya mtoto alipokuwa mchanga, kama ipo kwenye simu, ni ushahidi mzuri wa kulinganisha.

Mtoto anayekoroma na kukohoa mfululizo hupelekwa wakati mwingine kwa fundi wa kienyeji kukatwa kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Desturi hii imeenea sehemu nyingi za Tanzania. Kwa mtoto wa MPS haina faida yoyote, kwa sababu kinachoziba si kimeo, na damu au uvimbe katika koo lililokwisha kuwa jembamba unaweza kumkaba.

Kinachotokea katika njia ya hewa

Mtu aliye macho hushikilia koo lake wazi bila kujua. Dawa ya usingizi inalegeza misuli hiyo na ulimi unaanguka nyuma. Kwa mtoto mzima mtoa usingizi huinua kidevu, huweka barakoa, na hewa inapita. Kwa mtoto wa MPS ulimi ni mkubwa, taya halifunguki sana kwa sababu ungio lake limekakamaa, mafindofindo yamejaza nafasi, kifuniko cha zoloto ni kinene, na bomba la hewa lenyewe limepungua upana au limelegea. Makamasi mazito huongeza tabu. Mapafu yaliyobanwa na kifua kilichopinda hayana akiba kubwa ya oksijeni, hivyo mtoto hubadilika rangi upesi kuliko wenzake.

Kumwingiza mrija wa hewa kunakuwa kugumu kwa sababu nyuzi za sauti hazionekani. Mrija unaopita kwa kawaida huwa mdogo kuliko ule ambao umri wake ungetaka. Mlango wa mwisho, yaani kutoboa koo kwa mbele, nao ni mgumu: shingo ni fupi, tishu ni nene na bomba la hewa liko ndani sana. Hali huzidi kuwa mbaya kadiri miaka inavyokwenda. Mtoto aliyelala salama akiwa na mwaka mmoja si lazima alale salama akiwa na miaka mitano.

Katika aina ya Morquio kuna hatari nyingine. Jino la pingili ya pili ya shingo halikui vizuri, na pingili mbili za juu huteleza. Kichwa kikiinuliwa nyuma kwa nguvu, jinsi ilivyo kawaida wakati wa kuingiza mrija, uti wa mgongo unaweza kubanwa na mtoto akaamka amepooza. Kichwa kinatakiwa kushikwa katikati na msaidizi muda wote. Aina ya Hurler na nyingine zinahitaji uangalifu huohuo.

Njia zinazofuatwa

Hospitali kubwa huwa na kamera nyembamba inayopinda, ambayo hupitishwa puani hadi kwenye bomba la hewa na mrija kufuata juu yake. Barakoa ya zoloto, iliyobuniwa na daktari Archie Brain huko London mwaka 1981, imewasaidia wengi wa wagonjwa hawa, kwa kuwa huwekwa bila kuona nyuzi za sauti. Ni kifaa cha bei nafuu ukilinganisha na kamera, na saizi za watoto zinafaa kuwapo hata pale kamera haipo.

Kanuni inayokubalika ni kumwacha mtoto ahemue mwenyewe mpaka njia ya hewa iwe imeshikwa. Dawa ya kulegeza misuli haitolewi kabla ya kuthibitisha kwamba barakoa inapitisha hewa, kwani ikishatolewa mtoto hawezi tena kujisaidia. Dawa za kutuliza kabla ya kuingia chumba cha upasuaji hupunguzwa au huachwa kabisa.

Ketamini inastahili maelezo ya pekee, maana ndiyo dawa inayotegemewa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haishushi sana pumzi wala shinikizo la damu, na hiyo ndiyo sifa yake iliyoifanya ipendwe mahali pasipo mashine. Watumiaji wengine huchukulia kwamba kwa ketamini njia ya hewa haina haja ya kuangaliwa. Kwa mtoto wa MPS dhana hiyo ni ya hatari: ketamini huongeza mate, huweza kusababisha zoloto kufunga ghafla, na haiuzuii ulimi mnene kuanguka. Wanaoitumia humtanguliza atropini, humlaza mtoto ubavu na kuwa na kinyonya mate kinachofanya kazi.

Ganzi ya mgongoni au ya chini ya kiuno huepusha nusukaputi katika upasuaji wa kinena. Ila mtoto mdogo hatulii, mgongo uliopinda unafanya sindano kuwa ngumu, na imewahi kuripotiwa kwamba ganzi haikushika kwa mgonjwa wa Hurler. Anayechagua ganzi hulazimika kuwa tayari kwa nusukaputi vilevile.

Hatari haiishi jeraha likishashonwa. Vifo na ajali hutokea pia wakati wa kutoa mrija na saa zinazofuata, koo likiwa limevimba na mtoto bado ana usingizi. Mrija hutolewa mtoto akiwa macho kabisa, na usiku huo anahitaji mtu wa kumwangalia pamoja na kipima oksijeni cha kidoleni. Dawa kali za maumivu, kama mofini, hutolewa kwa kipimo kidogo. Kutokana na haya yote, madaktari hujaribu kufanya upasuaji kadhaa kwa usingizi mmoja, kwa mfano ngiri na masikio kwa pamoja.

Hali katika mkoa wa Lindi

Mtoto wa Mtama, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, huanzia zahanati au kituo cha afya. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Walburga iko Nyangao, katika wilaya hiyohiyo, na ile ya Ndanda iko mbele kwenye barabara hiyohiyo. Upande wa pwani ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mtwara. Rufaa ya juu ni Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari hiyo ilisimama Rufiji kungojea kivuko; na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara katika wilaya ya Kilwa. Rufaa ya dharura kwa mtoto aliyekwama usingizini haiwezekani kwa umbali huu. Uamuzi wa kumpeleka mbali unafaa kufanywa kabla, na ngiri isiyobana humruhusu kungoja.

Madaktari bingwa wa usingizi Tanzania ni wachache, chini ya mmoja kwa kila watu 100,000, wakati shirikisho la dunia la wataalamu hao linapendekeza angalau watano. Sehemu kubwa ya nusukaputi wilayani hutolewa na wauguzi na matabibu waliosomea kozi ya usingizi. Wengi wana uzoefu mkubwa wa upasuaji wa uzazi, ambao kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Busha, linalojulikana sana pwani ya Lindi kwa sababu ya matende, nalo hufanyiwa ganzi mara nyingi. Koo gumu la mtoto mdogo ni jambo wanalokutana nalo mara chache, tena bila kutarajia.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika chombo kimoja cha kuzuia ajali hizi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo kwa jumla vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kabla ya usingizi orodha hiyo inauliza kama kipima oksijeni kimefungwa na kinafanya kazi, na kama mgonjwa ana njia ya hewa ngumu. Swali la pili hujibiwa kwa haraka "hapana" na wengi, kwa kuwa mara nyingi jibu ni hilo kweli.

Magonjwa mengine

Kufunga kula kabla ya upasuaji ni hatari ya pekee kwa watoto ambao ini lao haliwezi kutoa sukari (ugonjwa wa von Gierke) au ambao hawawezi kutumia mafuta kama nishati. Sukari ya damu hushuka, na mtoto aliye usingizini haonyeshi dalili. Kawaida ya "asile chochote tangu jana usiku" ni kali kupita inavyotakiwa hata kwa mtoto mzima: chakula na uji huachwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji au chai ya rangi isiyo na maziwa saa 2. Kwa watoto wa kundi hili huongezwa dripu ya sukari tangu mfungo unapoanza, na hupangwa wa kwanza asubuhi ili foleni isiwarefushie njaa.

Ugonjwa wa Pompe, uitwao kwa jina la daktari Mholanzi Joannes Pompe aliyeueleza mwaka 1932 na aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1945, hujaza sukari ya akiba katika misuli na moyo. Mtoto mchanga mwenye ugonjwa huo ni mlegevu, ana ulimi mkubwa na moyo mnene. Dawa za kulaza zinazoshusha shinikizo la damu ghafla zinaweza kuusimamisha moyo huo. Wagonjwa wa pofiria kali hawapewi thiopentoni.

Baadhi ya watu hukosa kimeng'enya kinachovunja suksametoni, dawa ya kulegeza misuli kwa dakika chache. Kwao dakika hugeuka saa. Mwanasayansi Werner Kalow wa Toronto alibuni kipimo chake katika miaka ya 1950. Tiba ni kuendelea kumpumulisha mgonjwa, hata kwa mfuko wa mkono kwa zamu, na kumwacha usingizini mpaka nguvu zirudi. Hafi kwa dawa. Hufa kwa mtu kuchoka kubana mfuko.

Upungufu wa G6PD si adimu hata kidogo katika pwani yenye malaria. A. C. Allison aliuchunguza kwa watu wa Afrika Mashariki mnamo 1960, na pamoja na D. F. Clyde akatoa utafiti kuhusu watoto wa Tanganyika. Njia ya hewa haiathiriki, na ketamini, propofoli na dawa nyingi za usingizi hutumika bila shida. Za kuepukwa ni methilini buluu, dapsoni na primakwini ya kipimo kikubwa. Ganzi ya prilokaini pia huhadhariwa. Mkojo mweusi na macho ya manjano siku moja hadi tatu baada ya upasuaji ni dalili kwamba chembe nyekundu zinapasuka.

Habari za ukoo na kadi ya mgonjwa

Mwaka 1960 madaktari wa Melbourne, Australia, waliripoti habari za kijana aliyevunjika mguu ambaye aliogopa nusukaputi kuliko mguu wenyewe, kwa sababu jamaa zake kumi walikuwa wamefia katika etha. Ndivyo ilivyojulikana homa kali ya usingizi, ugonjwa wa kurithi wa misuli unaochochewa na halotani na suksametoni. Yeye alisema bila kuulizwa. Wengi hawasemi, hasa kama kifo kilipewa maelezo mengine kijijini.

Swali la kuuliza ni rahisi: je, kuna ndugu aliyefariki au aliyechelewa kuamka katika upasuaji, au mtoto aliyefariki akiwa na sura na mwili kama wa huyu? Kwa magonjwa ya kromosomu X, yaani Hunter na G6PD, anayeulizwa habari zake kwanza ni mjomba, pamoja na watoto wa kiume wa mama wadogo na wakubwa. Wamwera, Wamakonde na Wayao wa kusini kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, na habari za wajomba hukumbukwa vizuri kuliko mahali pengi.

Uthibitisho wa MPS hupatikana kwa kupima mkojo na kisha kimeng'enya katika damu. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu yanaweza kusafirishwa kwa bahasha hadi maabara ya mbali. Majibu yakichelewa, mtoa usingizi aliyepata tabu anaweza kuandika kwenye kadi ya kliniki ya mtoto na kumweleza mzazi kwa mdomo: njia ya hewa ngumu, saizi ya mrija uliopita, kifaa kilichosaidia, dawa iliyotumika, na tarehe. Mzazi huionyesha kadi hiyo kila hospitali, hata kama mtoto amekuja kung'olewa jino.